Selo Yenye Mdomo

Lucien alipokuwa akitembea barabarani, mkono wake wa kulia haukutulia. Ulikwenda na kurudi taratibu mbele ya tumbo lake, kiwiko kikifunguka na kukunjika, hata akiwa amebeba mkate kwa mkono wa pili. Mgeni angedhani ni ugonjwa. Sisi wa mtaa wa Kadutu tulijua kwamba hapo pana moja kati ya mambo mawili: ama anapiga pasi, ama anapiga selo.

Kupiga pasi ilikuwa kazi yake. Aliifanya katika hoteli moja ya Wazungu, kwenye mojawapo ya zile rasi za Bukavu zinazoingia ziwani kama vidole. Mashati, vitambaa vya meza, magauni ya mabibi waliopanda kutoka Usumbura kuja kupumua hewa yetu ya baridi, vyote vilipita chini ya pasi yake ya makaa. Selo, ile violini kubwa inayopigwa kwa kukaa, ilikuwa jambo jingine kabisa. Ndiyo iliyomfanya apande kilima cha Kadutu karibu kwa kukimbia kila jioni ya mazoezi, shati lake mwenyewe halijanyooshwa, na kufika kwenye shule tulikofanyia mazoezi akiwa amechoka mwilini lakini macho yanawaka.

Vijana wa siku hizi wakisikia neno okestra, fikira zao zinakwenda moja kwa moja kwenye magitaa na kucheza dansi. Yetu ilikuwa ya namna nyingine. Padiri Benoît, Mbelgiji mrefu mwenye ndevu nyembamba, alikuwa ameziomba familia za kwao zimletee ala za muziki zilizolala bure juu ya makabati. Makasha yalifika siku moja juu ya lori, yamejaa majani makavu, na ndani ya majani mlikuwa na violini, filimbi, klarineti mbili, kontrabasi kubwa kama mlango, na selo moja yenye kovu ubavuni. Kila mmoja wetu alichagua ala aliyoiweza au aliyoitamani. Papa Venant, muuguzi wa hospitali, mtu mnene mwenye heshima zake, alikwenda kwenye kontrabasi kwa sababu, alivyosema, hiyo peke yake haikumwogopa. Évariste, karani wa posta, aliyevaa tai hata siku ya kufua, alichukua violini ya kwanza bila kumuuliza mtu. Mimi, niliyekuwa mwalimu wa watoto wadogo, nilikaa kwenye violini za pili, na hapo nilibaki.

Lucien hakusema neno. Aliiegemeza ile selo kwenye goti lake, akaweka sikio karibu na mbao zake, akagusa uzi mmoja kwa kidole. Kisha akanong'ona kitu kwa Kishi, lugha ya kwao. Sauti ya uzi na sauti yake zilitoka pamoja, na tangu siku ile hazikuachana tena.

Jambo hili lilikuwa na asili yake. Marehemu baba yake, kule Walungu, alikuwa mpigaji wa lulanga, ile ala ya Wabashi ya ubao uliochimbwa kama sinia, wenye nyuzi zilizotandazwa juu yake. Mpigaji wa lulanga hapigi kimya. Anauinamia ubao na kusema nao kwa sauti ya chini, maneno na nyuzi vikisukumana mbele, na mtoto anayejifunza hafundishwi kwanza vidole. Anafundishwa maneno. Akishayajua maneno, vidole vinayafuata vyenyewe, kama ng'ombe wanaojua njia ya kurudi zizini. Lucien alijifunza hivyo angali mdogo, na alipopewa selo hakujua kwamba kuna njia nyingine. Tulifundishwa noti na Padiri, naye Lucien alizijua vizuri. Lakini chini ya kila noti aliweka neno lake, na neno lile alilitoa kwa pua na koo, mdomo nusu wazi, kama mtu anayezungumza usingizini.

Ndugu zetu wa okestra hawakumhurumia. Évariste alikuwa wa kwanza kumchokoza. Alikuwa akiinamisha kichwa kuelekea selo na kuuliza kwa upole wa uongo:

“Lucien, ni wewe, ao ni nyuki zimeingia mu sanduku?”

“Ni nyuki,” Lucien alijibu. “Zinasikiaka violini yako, zinafikiri ni moshi, zinakimbia.”

Padiri Benoît naye alimwonya, kisha akamsihi, kisha akatafuta dawa. Alimpa kijiti cha kiberiti akishike kwa meno. Lucien alikitafuna kabla ya ukurasa wa kwanza kwisha. Alimwambia aweke kifungo cha shati chini ya ulimi. Siku ile tuliogopa sana, maana katikati ya wimbo uso wa Lucien ulibadilika, akakohoa, na kifungo hakikuonekana tena. Papa Venant alilaza kontrabasi chini, akampiga mgongoni kama muuguzi, na kututangazia kwamba mgonjwa ataishi. Padiri aliachana na dawa. Na kwa kuwa muziki ulitoka vizuri, kila mmoja akiingia mahali pake bila kuchelewa, mngurumo ule ukawa sehemu ya nyumba yetu, kama mlio wa mvua juu ya mabati, ambao mtu haushughulikii tena.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka siku Padiri alipoingia darasani na uso mwekundu kwa furaha. Alisema kwamba fundi wa redio anazunguka Kivu na mashine ya kunasa sauti, kwamba amekwisha kunasa kwaya na ngoma mahali pengi, na kwamba atapita kwetu siku ya Jumamosi, asubuhi, kabla ya kushuka kwenda Usumbura. Tutapiga wimbo wa Padiri mwenyewe, alioutunga mbele ya ziwa letu na kuuita “Asubuhi Juu ya Maji”. Sauti zetu zitakwenda hewani, na mtu aliyeketi Léopoldville au Élisabethville atatusikia.

Siwezi kueleza namna habari hiyo ilivyotutikisa. Tulisimama wote, wengine tukapiga viti kwa pinde zetu. Papa Venant aliuliza mara mbili kama kontrabasi nayo itasikika, au ni violini tu. Évariste alisema lazima anunue tai nyingine, na tulipomkumbusha kwamba redio haina macho, alijibu kwamba hata hivyo mtu anajisikia mwenyewe. Lucien alikuwa amekaa. Katika “Asubuhi Juu ya Maji”, selo ndiyo inayoanza peke yake, kurasa mbili nzima, kabla ya wengine kuingia mmoja mmoja kama nyumba zinavyojitokeza ukungu unapopanda. Kurasa zile mbili Padiri aliziandika kwa ajili ya selo ya Lucien, na Lucien alizipenda kuliko chakula.

Padiri alimjia, akaweka mkono juu ya bega lake.

“Lucien, mwanangu. Mashine ile inasikia kila kitu. Ukiimba, nitampa Évariste solo. Nitafanya hivyo kwa huzuni, lakini nitafanya.”

“Nimesikia, Padiri,” Lucien alisema. “Nitafunga mdomo.”

Juma lile mke wake, Clémence, alikuja kwangu kulalamika. Alisema mume wake hazungumzi tena nyumbani. Anarudi kutoka hotelini na kukaa kimya, midomo imebanwa, akijizoeza. Ukimwita kula, anaitikia kwa kichwa. Ukimuuliza swali, anaandika jibu hewani kwa kidole. Clémence alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu, na kimya kile kilimuuma kuliko ugomvi. Nilimweleza habari za redio. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema kwamba kama redio inataka watu wasio na midomo, bora wangekwenda kunasa samaki.

Jumamosi ilifika na jua zuri. Fundi wa redio alikuwa kijana wa Kizungu mwenye haraka na suruali fupi, aliyejaza darasa letu nyaya. Aliweka mikrofoni juu ya mti wa chuma katikati, akaifunika mashine kwa blanketi ili isijisikie yenyewe, akavaa visikizi masikioni. Aliomba madirisha yote yafungwe, kwa maana nje palikuwa na kuku, baiskeli na nusu ya Kadutu. Wake zetu, waliokuja wamevaa vitambaa vya sikukuu, walitolewa nje na kubaki nyuma ya vioo, pua zao zimebanwa pale kama za watoto mbele ya duka la mikate. Fundi alimwambia Padiri kwamba barabara ya mteremko wa Kamanyola hufunguliwa kwa zamu, magari ya kushuka kwanza, ya kupanda baadaye, na kama hatatoka kwetu kabla ya adhuhuri atakuta kizuizi kimefungwa na kulala njiani. Kwa hiyo tufanye upesi.

Padiri aliinua fimbo yake ndogo. Mioyo yetu ilikuwa inadunda hata niliogopa mashine itainasa. Lucien alianza.

Sauti ya kwanza ilitoka safi kabisa. Na nyuma yake, kama mbwa mwaminifu, ulitoka mngurumo.

Fundi aliinua mkono, akavua visikizi. Aliuliza kama kuna mashine ya kusaga unga karibu. Tulisema hapana. Alikwenda kuchungulia nje. Alikikagua kinanda cha upepo cha Padiri kilichokuwa pembeni, akainamisha sikio kwenye mivuba yake. Alitaka kujua kama kuna pampu ya maji ukutani. Sisi sote tulitazama dari. Mwishowe Évariste, pole pole, kwa ncha ya upinde wake, alimwonyesha Lucien.

Lucien aliomba radhi. Jasho lilikuwa limemtoka. Alisema hakujua, kwamba alidhani amefunga. Padiri alimtazama kwa huruma na kusema tuanze tena, na safari hii aume meno.

Aliuma. Niliona mshipa wa shingo yake umesimama. Selo ilisema kurasa zake bila sauti nyingine yoyote, na kila noti ilikuwa mahali pake, ingawa ilikuwa kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima. Fundi aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Basi ikafika zamu yetu ya kuingia.

Papa Venant aliingia mapema mno. Klarineti hazikuingia kabisa. Mimi na wenzangu wa violini za pili tuliingia wawili wawili, kama watu wanaopita mlango mwembamba wakiombana radhi. Filimbi ililia peke yake, ikashtuka, ikanyamaza. Padiri alikuwa akipiga fimbo yake hewani wazi kabisa, mtu yeyote angeiona, nasi tulikuwa tukiitazama, na bado tulianguka mmoja baada ya mwingine. Tulisimama. Hakuna aliyeelewa. Wimbo ule tuliupiga miezi mingi bila kosa.

Tulijaribu tena, tukaanguka tena mahali palepale. Fundi alitazama saa yake, akatazama barabara. Padiri alipangusa uso. Kisha akasema kile ambacho Lucien alikiogopa juma zima: kwamba ni wazi hofu ya selo imewaambukiza wengine, na kwamba Évariste apige solo kwa violini. Lucien aliinamisha kichwa. Aliusogeza upinde wake, akauweka juu ya mapaja, na mkono ule wa kulia ambao haukujua kutulia ukatulia kabisa. Hilo ndilo lililoniumiza. Nyuma ya kioo nilimwona Clémence akiuliza kwa mikono kuna nini.

Évariste alipiga. Lazima nimtendee haki, alipiga vizuri. Violini yake iliimba zile kurasa mbili kwa sauti nyembamba yenye kung'aa, na mashine ikainasa yote. Ikafika zamu yetu, tukaanguka vilevile: Papa Venant mapema, klarineti kimya, sisi tukiombana radhi.

Safari hii Padiri Benoît alikasirika. Alipiga fimbo kwenye kinanda na kuuliza, kwa jina la Mungu, Papa Venant anahesabu nini. Mzee yule alijifuta paji la uso kwa leso, akajibu kwa heshima, kama mtu anayesema jambo linalojulikana na wote.

“Padiri, mi sihesabuke. Mi nangojaka makaa.”

“Makaa gani?”

“Makaa ya Lucien. Akisema ‘makaa imewaka’, njo naingia.”

Kisha mpiga klarineti wa kwanza akasema kwa aibu kwamba yeye pia. Yeye huingia kwenye ‘dirisha’. Wa pili alisema anangoja ‘ukungu’. Niliona wenzangu wa violini wakinitazama, nami nikatambua kwa mshangao mkubwa kwamba tangu mwanzo nilikuwa nikiingia juu ya pumzi inayofuata neno ‘maji’, na kwamba ile fimbo ya Padiri sikuwa nimeitazama kwa haja hata siku moja. Sisi wote tulikulia kwenye nyua ambamo lulanga zilisemwa. Masikio yetu yalikuwa yameyachukua maneno ya Lucien bila kutuomba ruhusa, na yalipoondolewa tulikuwa kama vipofu walionyang'anywa fimbo mkononi.

Padiri alimgeukia Lucien. Aliuliza maneno hayo ni yapi. Lucien alitazama viatu vyake. Alisema ni maneno ya nyumbani tu, hayafai kanisani. Padiri alimwomba ayaseme hata hivyo. Lucien aliyasema kwa Kishi, haraka haraka, na Papa Venant akamfasiria Padiri kwa Kiswahili, kwa sauti yake nzito ya hospitali, kama anasoma orodha ya dawa:

“Clémence, amuka. Fungua dirisha, ukungu inatoka juu ya maji. Clémence, nipe pasi yangu, makaa imewaka. Nisiende bila kuona uso yako, siku itakuwa murefu.”

Mtu mmoja alikuwa amefungua dirisha kidogo ili kusikia ugomvi. Wanawake wote nje walisikia. Kicheko kilipasuka, wakamsukuma Clémence kwa viwiko, naye akajifunika uso kwa kitambaa chake mpaka machoni. Miezi mingi alisikia mume wake akinguruma juu ya ile selo, na hakujua kwamba ni yeye aliyekuwa akiitwa.

Padiri Benoît alikaa chini kwenye kiti cha kinanda. Nadhani aliumia kidogo. Mtu aliyeongoza okestra miaka kadhaa, kisha akagundua kwamba okestra ilikuwa ikiongozwa na makaa, ana haki ya kuumia. Alitazama fimbo yake, akaigeuza geuza. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na tulipoogopa kwamba analia, tuliona anacheka, kimya, machozi yakishuka kwenye ndevu.

Fundi hakucheka. Alisema muda umebaki kidogo sana. Mngurumo hawezi kuutoa kwenye utepe, na bila mngurumo hakuna okestra. Basi afunge mizigo. Alikwisha kushika waya mmoja.

Hapo Évariste alisimama. Solo ilikuwa mkononi mwake, na mtu mwingine angeing'ang'ania. Alikaza tai yake.

“Padiri, sauti naweza piga. Makaa siwezi. Muache Lucien apige, lakini mugeuze kiti yake. Atuangalie siye. Aseme na midomo tu, bila sauti. Siye tutasoma.”

“Na mimi nitasimama wapi?” Padiri aliuliza.

Évariste alikohoa. “Padiri, na heshima yote. Pale kwenye kinanda pako pazuri.”

Hatukupoteza dakika. Padiri aliiweka fimbo juu ya kinanda na kusogea pembeni. Tulibeba kiti cha Lucien hadi mahali pa kiongozi, tukamgeuza, uso wake kwetu, mgongo wake kwa ubao mweusi. Fundi alinung'unika, akahamisha mikrofoni, akapima tena. Tulipanga viti kwa nusu duara ili kila mmoja auone mdomo wa Lucien. Yeye mwenyewe aliniinamia. Alinong'ona kwangu, kwa kuwa nilikuwa karibu, kwamba hawezi. Katika maisha yake yote mdomo na sauti havijawahi kuachana. Akiufungua mdomo, sauti itatoka, na akiufunga, tutaanguka. Alisema heri tumwache arudi kwenye pasi zake.

Lakini macho yake yalipita juu ya kichwa changu, yakaenda nyuma yetu, kwenye dirisha lililokuwa limefungwa tena. Clémence alikuwa amesimama pale nyuma ya kioo, kitambaa kimeshuka, uso wake wazi. Alikuwa akimuuliza kitu kwa midomo. Hatukusikia hata herufi moja, kioo kilikuwa kizito, lakini Lucien alielewa, kwa maana alimjibu, vilevile kwa midomo, bila sauti yoyote, kama anavyofanya mtu yeyote anayezungumza na mke wake kupitia dirisha lililofungwa. Walisemezana hivyo kidogo. Kisha Lucien akajishangaa. Aligusa koo lake kwa vidole viwili, akatabasamu tabasamu ambalo sijalisahau, akachukua upinde.

Fundi alishusha mkono.

Sauti ya selo ilipanda polepole ndani ya darasa lile lililojaa nyaya, na Lucien alikuwa akimwita mke wake. Midomo yake ilisema kila neno, wazi, bila haraka, na uso wake wote ulisema pamoja nayo, nyusi, mashavu, kidevu. Hatukuwahi kuyaona maneno yale, tulikuwa tumeyasikia tu, na kuyaona kulitutia msisimko kama tunayapata kwa mara ya kwanza. Amka, alisema. Klarineti ya kwanza ilikuwa tayari kwenye midomo ya mwenyewe. Fungua dirisha, nayo ikaingia, laini kama nuru. Ukungu, na ya pili ikafuata. Juu ya maji, na mikono yetu ya violini za pili ilishuka pamoja, mkono mmoja wenye vidole vingi. Makaa imewaka: Papa Venant alivuta uzi wake mzito, sakafu ikaitikia, na okestra yote ikawaka kweli, filimbi juu, violini ya Évariste ikipanda na kushuka kwa furaha isiyo na majivuno, na Padiri akipiga kinanda chake kwa mikono miwili, kichwa kimegeuzwa pembeni, macho kwenye mdomo wa mpiga pasi.

Tulipofika mwisho tuliziacha pinde zetu hewani. Fundi alisubiri, akazima, akavua visikizi. Alisema neno moja tu kwa Kifaransa, kwamba ni vizuri, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Alirudisha utepe nyuma na kutusikilizisha kwenye kipaza sauti kidogo. Hatukuwahi kujisikia. Papa Venant alisogea hadi mbele ya kile kisanduku, na sauti yake mwenyewe ilipotoka, alitugeukia mmoja mmoja kuhakikisha kwamba tumeisikia. Lucien alisikiliza akiwa ameshika magoti. Hakukuwa na mngurumo. Selo ilikuwa peke yake, na bado ilikuwa inaita mtu. Hata fundi, asiyejua Kishi wala Kiswahili, alitazama dirishani.

Alifunga mizigo upesi na gari lake likashuka kilima kwa mavumbi kuelekea Kamanyola. Wimbo ulikuja kupigwa redioni majuma kadhaa baadaye. Lucien alibaki na selo yake na solo yake kwa miaka yote ambayo okestra iliishi, na hakuna aliyempa tena kijiti wala kifungo.

Lakini asubuhi ile hatukutawanyika. Madirisha yalifunguliwa, wanawake waliingia, kelele zikajaa. Clémence alikuja kusimama karibu na kiti cha mume wake, akakunja mikono, akamwambia mbele ya watu wote kwamba kama ni yeye anayeitwa, basi aitwe kwa sauti, si kwa siri hivyo. Lucien alimtazama Padiri.

“Padiri, mashine imeenda. Tunaweza piga mara moja na mudomo?”

Padiri Benoît alikuwa tayari amekaa kwenye kinanda. Hakuitafuta fimbo yake. Alikanyaga mivuba, akaweka vidole juu ya funguo, akanyoosha shingo yake ndefu ili aone vizuri kupita bega la Papa Venant.

“Tunaweza,” alisema. “Ila uniambie kwanza, Lucien. Mimi naingia kwenye neno gani?”

Lucien alifikiri kidogo, upinde hewani.

“‘Uso yako’,” alisema. “Padiri aingie kwenye ‘uso yako’.”

Akaanza, na safari hii darasa lote likamwita Clémence pamoja naye.